Tiba ya Maji Moto na Hifadhi ya Ubora wa Maembe Baada ya Mavuno

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna tiba zinazotumika baada ya mavuno zinavyohifadhi, au zinavyoshindwa kuhifadhi, ubora wa maembe yasiyosindikwa yanayokusudiwa masoko ya mbali. Mkazo umewekwa kwenye tiba ya maji moto, ambayo jina lake moja huficha kazi mbili tofauti: kuua kuvu iliyo kwenye ganda, na kuua mabuu ya nzi wa matunda walio ndani ya nyama ya tunda. Hoja kuu ni kwamba mtambo wa maji moto hauwezi kusahihisha kosa lililofanywa wakati wa kuchuma, na kwamba uwekezaji wa umma unaotangulizwa na mtambo, huku upimaji wa ukomavu, upangaji wa matunda kwa uzito na usafi wa maji vikiachwa nyuma, huhatarisha fedha pamoja na soko lenyewe. Mfano unaotumika zaidi ni wa Kenya, iliyojifungia soko la Umoja wa Ulaya kati ya mwaka 2014 na 2021.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2003 nzi wa matunda mwenye asili ya Asia aligunduliwa nchini Kenya. Haukupita muda mrefu kabla hajaonekana Tanzania na Uganda, na hatimaye akaenea katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Mwaka 2005 alielezwa kisayansi kuwa spishi mpya na kupewa jina la Bactrocera invadens. Baadaye wataalamu wa uainishaji walikubaliana kuwa si mwingine ila Bactrocera dorsalis, anayefahamika Asia kwa muda mrefu. Marekebisho hayo ya jina yanaweza kuonekana kuwa shughuli ya maabara tu, lakini yana uzito wa kisera: ushahidi uliokusanywa Asia kuhusu namna ya kumuua nzi huyu sasa unaweza kuzungumziwa pia katika mashamba ya Afrika Mashariki.

Jike hutoboa ganda la embe na kutaga mayai chini yake. Mayai huanguliwa baada ya siku chache na mabuu huanza kula nyama ya tunda kutoka ndani, ilhali kwa nje tunda laweza kuonekana zima kabisa. Hilo ndilo linalomfanya mdudu huyu awe tatizo la biashara ya kimataifa na si la mkulima peke yake. Mkaguzi wa bandarini anayekata embe moja na kumkuta buu mmoja hana njia ya kujua ni maembe mangapi katika shehena hiyo yamebeba mabuu wengine. Kwa hiyo hukataa shehena nzima.

Mwaka 2014, baada ya shehena kukataliwa mara kwa mara, Kenya ilisitisha yenyewe mauzo ya maembe katika Umoja wa Ulaya badala ya kusubiri kufungiwa. Mauzo hayo yalirejea mwaka 2021, yakianzia kwenye maeneo ya kaunti ya Makueni yaliyowekewa udhibiti maalumu wa nzi. Miaka saba ni kitambo kirefu kwa mkulima wa miti. Mwembe hausubiri mazungumzo ya kibiashara. Huendelea kuzaa, na matunda yaliyokosa ndege ya Ulaya hulazimika kutafuta mnunuzi katika Ghuba, katika soko la ndani, au kuozea chini ya mti.

Katika kipindi hicho masharti ya mnunuzi nayo yalibadilika. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2019 kanuni za Umoja wa Ulaya zilitaka maembe yatoke katika nchi au eneo lisilo na nzi hao, au mahali pa uzalishaji ambapo ukaguzi rasmi haukuona dalili zao, au yawe yamepitia tiba yenye ufanisi uliothibitishwa. Njia hiyo ya mwisho ndiyo iliyoyafanya maji moto yazungumzwe sana katika mijadala ya sera za kilimo. Ni njia isiyotumia kemikali, na vifaa vyake vya msingi ni rahisi kuelezeka: birika kubwa, chanzo cha joto, pampu ya kuzungusha maji na vipimajoto. Urahisi huo wa maelezo ndio unaoleta makosa yanayojadiliwa hapa.

2.0 Tunda lililochumwa bado linaishi

Embe lililotengwa na mti halijafa. Huendelea kupumua, yaani kutumia wanga na sukari yake, kuvuta oksijeni na kutoa kabonidioksidi, maji na joto. Embe ni miongoni mwa matunda ambayo uivaji wake huambatana na ongezeko kubwa la ghafla la upumuaji na la gesi ya ethilini, ambayo tunda hujitengenezea lenyewe. Mchakato huo ukishaanza hauna kurudi nyuma. Wanga hugeuka kuwa sukari, asidi hupungua, rangi ya nyama huelekea njano, na kuta za seli hulegea hadi tunda likawa laini.

Kwa hiyo hakuna tiba ya baada ya mavuno inayoongeza ubora. Kila tiba hufanya mojawapo ya mambo mawili: hupunguza kasi ya uzee wa tunda, au huondoa kiumbe kinachotaka kulila kabla ya mlaji. Njia ya kwanza na iliyo bora zaidi ya kupunguza kasi hiyo ni ubaridi, lakini embe ni tunda la nchi za joto na lina mpaka wake. Embe lililokomaa bila kuiva likikaa muda mrefu chini ya takriban nyuzi joto 12 za Selsiasi hupata madhara ya baridi: ganda huwa na rangi ya kijivu iliyofifia, vidoa hujichimba, na tunda likirudishwa kwenye joto huiva kwa mabaka au lisiive kabisa. Embe lililokwisha kuiva huvumilia ubaridi zaidi, hadi karibu nyuzi 10. Jokofu la samaki au la maziwa lililoazimwa msimu wa maembe huweza basi kuharibu mzigo uleule lililokodiwa kuulinda.

Upande wa pili wa kipimajoto nao una mpaka. Embe huiva vizuri kati ya nyuzi 20 na 23 hivi. Likiachwa liivie kwenye nyuzi 30 na zaidi, kama inavyotokea ndani ya lori lililofunikwa turubai mchana kutwa, ladha hupotoka na rangi huja kwa mabaka.

Kabla ya tiba yoyote kuna jambo la utomvu. Kikonyo cha embe kikivunjwa karibu na tunda, utomvu wenye mafuta makali huruka na kutiririka juu ya ganda, na palipoguswa huungua na kuwa peusi. Dawa yake haihitaji mtambo: kuchuma embe pamoja na kikonyo cha sentimita kadhaa, kisha kukikata kivulini huku tunda likiwa limeelekezwa chini juu ya wavu hadi utomvu uishe. Doa la utomvu haliondolewi na maji moto. Hukolezwa nayo.

3.0 Joto moja, kazi mbili

Kazi ya kwanza ya maji moto, na iliyotangulia kihistoria, ni kupambana na magonjwa ya kuvu, hasa chule, unaosababishwa na Colletotrichum gloeosporioides. Kuvu hii huingia katika tunda likiwa bado changa mtini, ikajificha chini ya ngozi ya ganda bila kuonyesha dalili, na kuamka pale tunda linapoanza kuiva. Madoa meusi ambayo muuzaji wa reja reja huyaona sokoni ni matokeo ya mvua iliyonyesha wakati wa maua na matunda machanga miezi kadhaa iliyopita. Kwa kuwa kuvu hiyo imekaa karibu na uso wa tunda, embe hutumbukizwa katika maji ya nyuzi 52 hadi 55 kwa muda mfupi wa dakika 5 hadi 10. Joto kali hupiga ganda na kuua kuvu kabla halijafika ndani na kuiharibu nyama. Dhidi ya uozo unaoanzia kwenye kikonyo, unaosababishwa na kuvu kama Lasiodiplodia theobromae, tiba hiyo ina nguvu ndogo zaidi, kwa sababu adui huyo ameingia ndani zaidi.

Kazi ya pili ni ya karantini, na fizikia yake ni tofauti kabisa. Hapa kinacholengwa ni buu aliye katikati ya nyama, pengine kando ya kokwa. Maji ya nyuzi 55 hayawezi kutumika, kwa kuwa ganda lingepikwa kabla joto halijamfikia. Badala yake hutumiwa maji yenye joto la chini zaidi kwa muda mrefu zaidi. Utaratibu unaojulikana sana ni ule wa Marekani, uliokuja kushika nafasi ya ufukizaji wa ethilini dibromidi baada ya kemikali hiyo kupigwa marufuku katika miaka ya 1980. Utaratibu huo hutaka maji ya nyuzi 46.1, na muda hutegemea umbo na uzito wa tunda: kwa aina bapa na ndefu, dakika 65 kwa tunda lisilozidi gramu 375, na dakika 75 kwa tunda la hadi gramu 570, kwa aina za mviringo kama Tommy Atkins na Kent, dakika 75 kwa tunda la hadi gramu 500, dakika 90 kwa la hadi gramu 700, na dakika 110 kwa la hadi gramu 900.

Mpangilio huo wa uzito si urasimu. Joto husafiri ndani ya tunda polepole, na muda linaouhitaji kufika katikati huongezeka takriban kwa mraba wa unene: tunda lenye unene maradufu huhitaji karibu mara nne ya muda. Embe moja la gramu 700 lililochanganywa katika kreti ya maembe ya gramu 400 litatoka majini katikati yake pakiwa bado pamepoa, na mabuu yake wakiwa hai. Ukilifuata hilo embe moja na kurefusha muda kwa wote, yale madogo yatapikwa. Ndiyo maana mizani ya kupangia matunda ni sehemu ya tiba sawa na birika lenyewe.

Kuchanganya kazi hizi mbili ni kosa linalotokea kwa urahisi, kwa kuwa zote huitwa maji moto na zote huweza kufanyika katika birika moja. Kituo kinachotumbukiza maembe dakika 10 katika nyuzi 52 kimepunguza chule. Hakijafanya lolote la maana dhidi ya nzi. Afisa wa serikali anayesoma katika ripoti kwamba kituo fulani "kina mtambo wa maji moto" hajaelezwa bado jambo analolihitaji kulijua.

Jambo jingine ambalo huachwa kando ni kwamba takwimu zilizotajwa hapo juu ziliwekwa kwa ajili ya nzi wa matunda wa mabara ya Amerika na yule wa Mediterania, pamoja na aina za maembe zinazolimwa huko. Kiwango kinachotakiwa kwa kawaida katika tiba za karantini za nzi wa matunda ni vifo vya asilimia 99.9968, yaani takriban wadudu watatu tu wanaonusurika kati ya kila laki moja. Kiwango hicho hakithibitishwi kwa mikrateni kadhaa iliyokatwa kwa macho; huhitaji makumi ya maelfu ya mabuu waliofugwa maabara na kupandikizwa katika matunda ya aina husika. Kituo cha icipe cha Nairobi kimefanya majaribio ya maji moto dhidi ya Bactrocera dorsalis katika maembe ya Kenya. Hata hivyo Ngowe, ambalo ni embe refu na jembamba, haliwezi kuchukuliwa kuwa sawa na Apple, ambalo ni karibu mviringo. Na Dodo au Boribo wa Tanzania wanastahili vipimo vyao wenyewe.

4.0 Ukomavu kama sharti la tiba

Matokeo ya tiba ndefu ya nyuzi 46 hutegemea sana hali ya tunda linapoingia majini. Embe changa, lililochumwa mapema ili kuwahi bei ya mwanzo wa msimu, hujeruhiwa zaidi na joto. Mabega yake yaliyo karibu na kikonyo hudidimia, matundu hutokea katika nyama, na sehemu nyingine hubaki na wanga mgumu mweupe kwa sababu vimeng'enya ambavyo vingeugeuza kuwa sukari vimeharibiwa na joto. Majeraha haya hayaonekani siku ya tiba. Huonekana baada ya tunda kuiva, yaani mezani kwa mnunuzi, ambako mkulima hayupo kuyaona wala kuelezwa sababu yake. Anachopata ni taarifa ya makato ya bei.

Dalili za ukomavu zinazoweza kutumika shambani ni chache na zinafahamika. Mabega ya embe hupanuka na kupita usawa wa mahali pa kikonyo. Nyama iliyo karibu na kokwa huanza kugeuka kutoka weupe kuelekea njano, jambo linalopimwa kwa kukata sampuli. Tunda lililokomaa huelekea kuzama katika maji na changa huelea, kwa kuwa ukomavu huongeza wanga na hivyo uzito wa tunda kwa ujazo wake. Kipimo sahihi zaidi ni kiasi cha kitu kikavu katika nyama, ambacho huhitaji mizani nzuri na tanuri ndogo tu. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi chenye gharama inayokaribia ya mtambo, lakini ndivyo ambavyo hukosekana mara nyingi zaidi, pengine kwa sababu kipimo cha kuzamisha maembe kwenye ndoo hakina hafla ya uzinduzi.

Tatizo hapa ni la kiuchumi kuliko la kiufundi. Pale dalali anapolipa kwa idadi ya maembe na kuchuma mti mzima kwa siku moja, mkulima hana sababu ya kuacha matunda yasiyokomaa yabaki mtini. Malipo kwa uzito na kwa daraja, pamoja na kuchuma mti huohuo kwa awamu mbili au tatu, ndiyo yanayolipeleka embe lililokomaa kwenye birika.

5.0 Kupoza, na hatari iliyofichika ndani ya maji

Tunda linalotoka kwenye maji ya nyuzi 46 limepashwa joto hadi kokwani, na kila saa linayobaki hivyo hulizeesha. Hivyo ni jambo la kawaida kutaka kulipoza haraka. Utaratibu wa Marekani huruhusu kulipoza kwa maji yasiyopungua nyuzi 21.1, lakini kwa sharti: ama tunda lisubiri dakika 30 baada ya kutoka kwenye maji moto, ama muda wa tiba uongezwe kwa dakika 10. Sababu ni kwamba katika dakika hizo joto lililokwisha kuingia ndani bado linaua. Kituo kinachopoza mara moja ili kuokoa muda hukata mkia wa tiba bila kujua.

Kupoza kuna hatari nyingine. Mwishoni mwa mwaka 1999 watu 78 katika majimbo 13 ya Marekani waliugua kwa bakteria wa aina ya Salmonella, na wawili kati yao wakafariki. Uchunguzi uliwarudisha wataalamu kwenye maembe ya shamba moja nchini Brazili, ambako tiba ya maji moto ilikuwa imeanza kutumika si zamani. Maelezo yaliyotolewa ni haya: embe lenye joto linapotumbukizwa katika maji yaliyopoa zaidi, gesi iliyo ndani yake husinyaa na kuvuta maji kuingia kupitia mahali pa kikonyo. Maji hayo yakiwa machafu, bakteria huingia ndani ya tunda ambako hakuna kuosha kutakakowafikia. Tiba iliyobuniwa kuzuia nzi ikawa njia ya kupitisha ugonjwa wa binadamu.

Kwa kituo kinachotegemea maji ya mto au ya kisima kisichopimwa, tukio hilo ni onyo la moja kwa moja. Maji ya kupozea yanapaswa kuwa na ubora wa maji ya kunywa, kutiwa klorini inayopimwa mara kadhaa kwa siku, na kubadilishwa kabla hayajajaa uchafu wa utomvu na udongo, kwa sababu uchafu huo humaliza nguvu ya klorini. Palipo na shaka kuhusu maji, kupoza kwa feni na hewa ni polepole zaidi lakini hakuvuti kitu chochote kuingia ndani ya tunda.

6.0 Tiba nyingine kwa ufupi

Mvuke wa joto hufanya kazi ileile ya karantini bila kutumbukiza tunda, na ndio uliozoeleka kwa maembe ya Ufilipino yanayouzwa Japani. Mitambo yake ni ghali zaidi. Mnururisho hauachi joto wala mabaki: India ilianza tena kuuza maembe Marekani mwaka 2007 kwa kuyapitisha katika kipimo cha chini cha grei 400. Njia hiyo huhitaji kituo cha mnururisho chenye leseni na mnunuzi aliyekubali, na ni vigumu kuona nchi moja ya ukanda huu ikijenga kituo cha aina hiyo kwa maembe peke yake.

Nta na vipako vya kulika, vikiwemo vya kitosani, hupunguza upotevu wa maji na kuchelewesha uivaji. Vikipakwa vinene kupita kiasi hulinyima tunda hewa na kuleta ladha ya kuchacha. Gesi ya metilisaikolopropeni huziba vipokezi vya ethilini na kulirefushia tunda siku kadhaa, ingawa huhitaji chumba kisichovuja na haiponyi chule.

Kuhusu kuivisha kwa kalsiamu kabidi hapana la kujadili sana. Gesi ya asetilini inayotoka humo hulipaka embe rangi ya njano kwa nje huku ndani likibaki na uchachu, na kabidi ya viwandani huweza kubeba uchafu wa arseniki na fosforasi unaomdhuru kwanza mfanyakazi anayeishika. Ethilini halisi, kwa kiasi kidogo katika chumba cha nyuzi 20 hivi chenye kupitisha hewa, hufanya kazi hiyo vizuri kwa tunda lililokomaa.

7.0 Mambo yanayowahusu washauri wa sera

Uzoefu wa Makueni unaonyesha kwamba soko lilifunguka kwa kuunganisha hatua za shambani kabla ya tunda kufika popote penye mtambo: mitego yenye methili yujenoli inayovuta nzi dume, vyambo vya protini, kuzika au kufungia matunda yaliyoanguka, na nyigu vimelea kama Fopius arisanus na Diachasmimorpha longicaudata ambao icipe iliwaingiza na kuwaachilia. Ushambulizi ukiwa mdogo, tiba ya maji moto huwa bima. Ukiwa mkubwa, embe linalotoka majini huwa na mabuu waliokufa ndani yake, na hakuna mnunuzi anayelipia hilo.

Mtambo pia huzalisha mabaki ambayo mipango mingi haiyahesabu. Upangaji mkali kwa uzito, ukomavu na madoa hutenga sehemu kubwa ya mavuno, na matunda hayo lazima yawe na pa kwenda. Viwanda vya usindikaji kama kile cha Kalamba huko Makueni, au kile cha Soroti nchini Uganda kilichozinduliwa mwaka 2019, vina maana hapa si kama mbadala wa mauzo ya maembe yasiyosindikwa bali kama mshirika wake: bila mnunuzi wa daraja la pili, msimamizi wa kituo atashawishika kuyapitisha matunda ambayo mizani imeyakataa.

Kinachobaki ni swali la nani afanye majaribio. Nzi ni mmoja kutoka Lamu hadi Tanga hadi Teso, na aina kadhaa za maembe zinalimwa pande zote za mipaka, lakini maombi ya kuidhinishwa kwa tiba huandaliwa na kila mamlaka ya afya ya mimea kivyake, na kila moja hulazimika kutafuta fedha za kufuga makumi ya maelfu ya mabuu. Jaribio la Ngowe lililofanywa kwa uthabiti Mombasa, likiambatana na kumbukumbu za vipimajoto vilivyochomekwa katikati ya matunda makubwa zaidi ya kila kundi, lingeweza kuwasilishwa mbele ya mnunuzi huyohuyo na Tanzania pia, iwapo mamlaka za nchi hizo zingekubaliana mapema juu ya mbinu ya majaribio, ukubwa wa sampuli na namna ya kuhifadhi takwimu.